Maji ya Mwisho Tuliyovuka

Jumamosi, 8 Juni

Daftari hili ni la hospitalini, la kuandikia mashuka. Walilitupa kwa kuwa mistari yake ilichapwa upande, nikaomba, nikapewa. Mume wangu anasema waendao milimani huandika walichokiona, la sivyo kinawatoka. Basi nami naandika, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya leo.

Tulifunga ndoa Februari. Mimi mjane wa miaka sita, yeye mgane wa miaka mitatu. Watu wanamwita Fundi kwa sababu anashona viatu, na mimi ananiita Dobi kwa sababu nafua mashuka hospitalini, na huniita hivyo popote, hata mbele ya mchungaji. "Dobi wangu huyu." Nina miaka hamsini na miwili na bado naona haya.

Leo kanipeleka Ziwa la Kwanza. Huko juu kuna maziwa matano, moja juu ya jingine kama sufuria rafuni, na juu ya yote kilele chenye barafu. Anataka tuyafikie yote kabla mvua hazijaanza. Viatu kanishonea mwenyewe. Alinisimamisha juu ya karatasi akauchora mguu wangu kwa penseli, akaniambia nitulie nisicheke, nami nikacheka, maana mtu akikutekenya unyayo utafanyaje?

Ziwa ni dogo. Kwa mbali maji ni meusi, ukikaribia unaona mawe ya chini moja moja. Nilitaka kusali vizuri, maneno yakanikimbia. Nikasema asante, mara tatu, nikanyamaza.

Jumapili, 9 Juni

Ibada. Kila tuliposimama kuimba nilishika benchi la mbele. Mapaja yanawaka moto.

Jumamosi, 22 Juni

Ziwa la Pili. Rangi yake ya kijani, kama chupa ya dawa.

Kuna jambo nimeliona, sijui nilitie maanani au niliache. Fundi husimama. Tukifika kwenye mwamba uliopinda anasema, "Tupumzike kidogo." Mimi sijachoka. Mikono na miguu hii imebeba mashuka mabichi miaka ishirini na mitatu, kikapu kimoja ukikibeba unajua umebeba. Lakini naketi, yeye anatoa chupa ya chai, ananimiminia, anatia sukari vijiko viwili, anakoroga, ananipa. Sinywi chai ya sukari. Nimekunywa.

Tukaenda, tukafika kwenye mti mkavu. "Tupumzike kidogo." Tena naketi.

Halafu tukafika pale penye changarawe inayoteleza, ukipanda hatua mbili unarudi moja, hapo ndipo pumzi ziliponiishia kabisa. Fundi akapita moja kwa moja kama mtu anayevuka sebule yake. Nikajikaza, nikamfuata, nikihema kama pasi ya mvuke.

Sikumwambia kitu. Mtu kakushonea viatu kwa mkono wake, utaanzaje kulalamika habari ya sukari?

Jumanne, 25 Juni

Dada yangu mkubwa kaja. Kabla sijaolewa nilikuwa naishi kwake, chumba cha uani. Kakagua nyumba yote kwa macho, kaona picha ya marehemu mke wa Fundi ukutani, yule aliyekuwa mwalimu, kaona mapazia aliyoyashona, kaona vikombe vyake.

"Na kitu chako kiko wapi humu?" akaniuliza.

"Mimi mwenyewe niko humu."

"Wewe upo, nakuona. Nauliza kitu chako."

Nikamwonyesha mswaki wangu. Hakucheka.

"Sikiliza mdogo wangu. Chumba chako nimekifunga, sijampa mtu. Karani wa posta anakitaka, nimemwambia asubiri. Mvua zikianza unipe jibu. Ukisema unarudi, unarudi, na atakayekucheka atapita kwangu kwanza."

"Dada, mimi nimeolewa."

"Najua, nilikula keki."

Ameondoka. Sikumwambia ndiyo wala hapana, na hilo ndilo linaloniuma tangu mchana. Hapana ni neno dogo. Kwa nini halikunitoka?

Fundi sijamwambia.

Ijumaa, 28 Juni

Mashine mbili zimekufa kazini. Tumefua kwa mikono. Vidole vimekunjamana.

Jumamosi, 6 Julai

Ziwa la Tatu, kwenye kibanda cha wapanda milima. Kibanda ni cha mbao, vitanda sita, jiko la kuni, na kwenye rafu kuna kopo la bati lenye daftari ambamo wapitao huandika. Fundi alikwenda kuteka maji. Nami nikafungua kurasa za nyuma, za miaka mingi, na sikuwa natafuta kitu. Nasema uongo. Nilikuwa natafuta.

Mwandiko wa yule marehemu mwalimu haufichiki, umesimama kama wanafunzi mstarini. Nimeyanakili maneno yake:

"Leo tumefika Ziwa la Tano. Nimepumzika mara nne, kwenye mwamba uliopinda, mti mkavu, kijito, na kona ya upepo. Mara zote nne mume wangu alisimama kabla sijamwomba. Mapafu yangu yanamshukuru."

Nikalirudisha daftari kwenye kopo. Fundi akaingia na ndoo, akasema, "Mbona umekaa kimya?" Nikamwambia moshi wa jiko umeniingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa. Akalitazama jiko, akanitazama mimi, akachukua kiberiti akaliwasha.

Jumapili, 7 Julai

Nimemwambia Mungu nikiwa nimepiga magoti: namwonea wivu mtu aliye kaburini, mwanamke mwema ambaye hakunikosea. Niondolee. Halafu nikaongeza: lakini hata yeye Fundi, jamani, hajui anatembea na nani?

Jumamosi, 13 Julai

Upepo. Hatukwenda.

Jumatano, 17 Julai

Nimepita kwenye kibanda chake cha kazi wakati wa mapumziko ya mchana. Alikuwa anapigilia soli, misumari kaishika kwa midomo, akanisalimu kwa nyusi. Nikakaa kwenye kigoda cha wateja, tukala mkate bila kusema mengi. Mteja mmoja akauliza, "Fundi, huyu ndiye shemeji?" Akatema misumari kwenye kiganja ili ajibu vizuri. "Ndiye. Nisingempata ningekuwa nazungumza na viatu."

Nimerudi kazini natabasamu, wenzangu wakanitania mpaka jioni.

Jumamosi, 3 Agosti

Ziwa la Nne. Maji yake yamezungukwa na mawe makubwa na hakuna jani hata moja. Kilele kinaonekana ndani yake kikiwa kimepinduliwa.

Kabla ya kufika, tulivuka kijito. Akasema, "Tupumzike kidogo."

Nikasema, "Sijachoka."

Akasimama pale, chupa mkononi, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa. Nikamwonea huruma, nikaketi. Nikavua viatu nikaitia miguu majini. Baridi yake inauma mpaka kwenye mfupa. Nilipoitoa alipiga goti, akavua shati lake la juu, akanikausha kidole kwa kidole, akakagua kama kiatu kimenichubua. "Hapa pamekubana," akasema. "Nitapapanua."

Mwanaume anayejua miguu yangu hivi, mbona hajui inachokea wapi?

Jumapili, 18 Agosti

Hatukwenda ibadani. Mungu atatuelewa, kwa kuwa jana alikuwa nasi na hali ya miguu yetu anaijua. Naandika ya jana nikiwa jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Fundi anakoroga uji na kila baada ya dakika ananitazama kama vile naweza kuondoka kupitia dirishani.

Juzi tulilala kwenye kibanda cha Ziwa la Tatu ili jana tufike la Tano mapema. Asubuhi ilikuwa njema, anga safi. Tukapita Ziwa la Nne, tukavuka kijito kingine kilicho juu yake, tukaanza kupanda changarawe nyingine. Hapo nilitaka kufa. Moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Fundi mbele, mgongo wake unaenda tu. Nikafika juu nikiwa sina pumzi ya kusema neno, nikamkuta kasimama mahali tambarare penye upepo mkali, anafungua chupa.

"Tupumzike kidogo," akasema.

Sijui kilichonipata. Labda ni kwamba pumzi zilinirudia zote kwa mpigo mmoja.

"Fundi, hapa anachoka nani?"

"Vipi tena?"

"Nakuuliza. Kwenye mwamba, kwenye mti mkavu, kwenye kijito, na hapa. Anachoka nani? Mimi nimechoka kule chini, ulikuwa hunioni. Hapa sijachoka. Hapa anachoka mtu mwingine."

Akafunga chupa polepole. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema, "Basi pumzika naye. Mimi natangulia."

Nikaenda. Ndiyo, nilikwenda. Nilisikia akiita "Dobi!" mara moja, sikugeuka, shingo imekakamaa kama shuka lililotiwa wanga.

Ukungu haukunijia kwa mbele, la sivyo ningeuona. Ulipanda kutoka bondeni nyuma yangu, na nilipogeuka hatimaye, moyo umeshapoa na aibu imeanza kuingia, hapakuwa na njia, hapakuwa na kona ya upepo, hapakuwa na Fundi. Niliiona mikono yangu na mawe matatu. Ilikuwa kama saa tano asubuhi.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, na nilisafiri naye sana. Kwenye vituo vikubwa, penye watu kama siafu, aliniambia: "Tukipotezana, kaa palepale. Usinitafute. Mimi ndiye nitakayekutafuta." Na mara zote alikuja. Nilikuwa nakaa juu ya begi langu, nasubiri, na kofia yake inatokea kati ya vichwa vya watu. Ni jambo lililoniingia kwenye damu. Kwa hiyo nilikaa. Nilikaa juu ya jiwe, nikafunga kitenge kichwani, nikasema, atakuja.

Niliita. Ukungu unameza sauti, unaita na unasikia kama umeita ndani ya mto wa kulalia. Niliimba nyimbo zote za ibada ninazozijua, nikaanza upya. Saa sita. Saa saba. Baridi ikapita kwenye viatu, ikapita kwenye soksi. Nikaanza kuwaza mabaya. Ameanguka. Halafu nikawaza mabaya zaidi, Mungu anisamehe: ameteremka, amekwenda zake, amechoka na mwanamke mwenye kelele. Nikamkumbuka dada na chumba chake. Nikasema ndani ya moyo, sawa, nitarudi uani kwangu, nitafunga mlango, yamekwisha.

Ilikuwa kama saa nane nilipojiuliza swali la kijinga. Namsubiri nani hapa?

Aliyeniahidi kunitafuta nimemzika mwenyewe. Fundi hajaniahidi hivyo. Hatukuwahi kuzungumza habari hii hata siku moja. Nimekaa juu ya jiwe saa tatu namsubiri dereva wa lori.

Nikasimama. Magoti yalilia. Nikasema, Baba, niongoze, na usinilipe kwa kiburi changu, nikaanza kushuka kwa makalio pale penye mawe, nikiifuata sauti ya maji niliyoisikia kwa chini. Nilikuwa naita kila hatua tano. Na mahali fulani katikati, si juu si chini, nikasikia, "Dobi! Dooobi!" sauti imekauka kabisa. Akatokea. Suruali imechanika gotini, fimbo hana, kofia hana.

Hatukukumbatiana. Tulianza kugombana.

"Kwa nini hukurudi?" akasema.

"Nirudi wapi? Kwa nini hukunifuata?"

"Kwenye maji! Nimekaa pale kwenye kijito tangu saa tano!"

"Kijito cha nini?"

"Watu wakipotezana kila mtu anarudi kwenye maji ya mwisho waliyovuka! Ndivyo inavyokuwa!"

"Nani kasema?"

Akaketi chini palepale kwenye mawe, akajishika kichwa.

"Mwalimu," akasema.

Nami nikaketi. Nikamweleza habari ya begi na vituo vya lori. Alisikiliza, kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akawa analia, na mimi hivyohivyo, watu wazima wawili kwenye ukungu.

"Nilikaa pale," akasema, "nikawa najiambia, atakuja, anajua. Anajua. Saa zikaenda. Ndipo nikajiuliza, anajua kutoka wapi? Mimi nilimwambia lini? Dobi, nilipanda ule mlima kama mwizi anayefukuzwa."

"Na mimi nikashuka kwa makalio."

"Naona. Sketi imekwisha."

Tukakaa. Akaniuliza, hanitazami, anachokoa changarawe kwa kidole: "Wewe unachokea wapi?"

Nikamwambia. Penye mawe yanayoteleza. Mara zote. Sijui kuyakanyaga, yeye anajua. Na chai sinywi na sukari.

"Hujawahi?"

"Tangu utoto."

"Miezi sita nakutilia vijiko viwili!"

"Nakunywa."

"Mungu wangu," akasema. "Mwanamke, ulikuwa unanificha nini kingine?"

Hapo ningemwambia habari ya chumba. Sikumwambia. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na tulikuwa na njia ndefu ya kushuka. Alinishika mkono penye changarawe, akanionyesha namna ya kukanyaga, kisigino kwanza, mwili umeegemea mlima. Tulifika chini penye gari la kurudi jua bado lipo.

Ziwa la Tano hatukuliona.

Jumatatu, 19 Agosti

Kanipa chai bila sukari. Anaitazama kama imepungukiwa.

Alhamisi, 29 Agosti

Kikohozi. Fundi kafunga kazi mapema, kaniletea ndimu na maneno mengi. Binti yake, ambaye ni muuguzi, kapiga simu: "Mama mdogo, baba ananipigia mara nne kwa siku kuniuliza kukohoa kwako kunasikikaje. Tafadhali pona."

Jumamosi, 14 Septemba

Ziwa la Tano.

Nitaeleza kwa ufupi maana maneno yangu hayafiki. Ni dogo kuliko yote. Upande mmoja barafu inaingia majini. Hapana ndege, hapana upepo, unasikia barafu ikidondoka tone, unasubiri, tone. Nilivua kilemba nikasali kwa sauti, Fundi akaitikia amina. Kilele chenyewe hatukukipanda. Magoti yetu yalikataa na sisi hatukubishana nayo.

Lakini ninachotaka kukitunza ni cha njiani. Penye changarawe alisimama kabla sijamwomba. Alisimama chini, akasubiri nipumue, akanitangulia hatua moja, akasimama tena. Hivyo mpaka juu.

Na mapema kabla ya hapo, kwenye mwamba uliopinda, alipunguza mwendo, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba ruhusa kazini, "Dobi, hapa niache nisimame kidogo. Si kwa ajili yako."

"Simama," nikamwambia.

Nikasimama pembeni yake. Nilidhani wivu ungekuja. Nikaungoja. Kilichokuja ni kwamba nilimshukuru yule mwalimu, kimoyomoyo, kwa kumfundisha mwanaume huyu kusimama.

Jumatano, 25 Septemba

Mawingu tangu asubuhi. Mashuka hayakauki, tumeyaanika hadi kwenye korido ya wagonjwa wa nje.

Dada kapiga simu. "Karani ananisumbua. Unasemaje?" Nikamwambia anipe wiki moja. "Mdogo wangu, wiki ni ya nini? Mtu anajua au hajui." Najua. Ninachoogopa si jibu la dada. Naogopa kwamba siwezi kumjibu bila Fundi kujua kwamba tangu Juni nilikuwa na mlango wa nyuma.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimemwambia.

Nilingoja amalize kula. Nikasema yote, chumba, dada, karani, na kwamba sikuwahi kusema hapana. Na kwamba siku ile ya ukungu nilikaa juu ya jiwe nikaamua kurudi.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akauliza, "Tangu Juni?"

"Tangu Juni."

Akachukua koti akatoka. Nilikwenda kumchungulia kibandani. Alikuwa anapigilia soli ya kiatu ambacho alikimaliza jana, nilikiona kwa macho yangu kikiwa kimekwisha. Nikarudi nyumbani. Nimefua pazia lisilo chafu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Maneno machache. Chai bila sukari, ameiweka mezani kimya. Lakini ameiweka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Asubuhi kaniuliza, anafunga kamba za viatu, "Kwenye hicho chumba umeacha nini?"

"Kitanda changu. Na meza ya pasi."

"Kitanda cha aina gani?"

"Cha chuma, cha mtu mmoja. Nililala juu yake tangu nilipofiwa."

Akafunga kamba ya pili, akasimama. "Basi twende tukakichukue. Kikibaki kule utakuwa unakiwaza. Kikae humu, atakayegombana na mwenziwe alale juu yake, lakini alale ndani ya nyumba hii."

"Na meza ya pasi?"

"Hata meza."

Dada alitufungulia, akamtazama Fundi kuanzia viatuni hadi kichwani. "Shemeji, umekuja kumnyang'anya mdogo wangu chumba?"

"Nimekuja kumwongezea kitu chake kwangu," Fundi akasema. "Nimeambiwa uliona mswaki tu."

Dada akanikata jicho, kisha akacheka mpaka akashika mlango. Akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia sikioni, "Haya. Nampigia karani." Meza ya pasi tutairudia.

Tukakibeba kitanda, yeye mbele, mimi nyuma. Si kizito, ila kinabeba vibaya, miguu inagonga goti kila hatua. Tulipofika kwenye mteremko karibu na duka la dawa mikono ilianza kunitoka. Sikusema. Sijui kalionaje kwa mgongo, lakini akasimama, akageuza kichwa.

"Hapa?"

"Hapa," nikasema.

Tukakiweka chini kando ya barabara, tukaketi juu yake bega kwa bega, springi zake zinalia. Matone ya kwanza yakaanza, makubwa, ya uvuguvugu, yanapiga vumbi na kuacha alama. Watu wakakimbilia barazani. Sisi tukabaki. Bwana mmoja aliyejifunika gunia kichwani akapunguza mwendo, akakitazama kitanda, akatutazama sisi.

"Hicho mnauza?"

"Hakiuzwi," Fundi akasema, akasogea kidogo ili nikae vizuri.